Maandamano Yetu Yamegeuka Laini ya Maji

Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Leo tumetoka Riruta na mitungi mitupu hadi ofisi ya maji huko tao, kupinga. Wameamua kupea ile mall mpya maji kila siku, na sisi tunapata Alhamisi pekee. Ikikuja.

Kipaza sauti nilishika mimi. "Mall hatutaki! Maji tunataka!" Mitungi inapigwa kama ngoma. Askari wa geti akaanza kurudi nyuma.

Sasa kuna mtu akafungua mfereji pale uani aoshe gari.

Jirani yangu Mama Achieng', kusikia tu hiyo sauti, akapiga nduru: "Maji imekujaaa!"

Aki ni mazoea! Maandamano yote yakakimbia mferejini. Mimi nikatupa kipaza sauti, nikawa wa nne kwa laini.

Meneja akatoka na karatasi yake atusomee uamuzi. Akatukuta tumepanga laini, kimya kama kanisani.

Akakunja ile karatasi. Akaenda kwa gari lake, akafungua buti, akatoa mitungi miwili.

"Nani wa mwisho hapa? Hata kwetu ni Alhamisi pekee."

Sasa semeni ukweli: nyinyi mngempea nafasi?