Kilio Walichokingoja Majirani

Mimi nimeona mengi. Nimemwona mamba akiomba radhi, na marehemu mume wangu aliwahi kuvuka mto uliofurika akiwa amepanda boga. Lakini mtu aliyeisomea huzuni mpaka akapewa cheo sikuwahi kumwona, hadi Dokta Chola Kasuba alipopanga kile kijumba cha uani kwangu, hapa Chipata.

"Mwanangu," nilimwuliza siku aliyohamia, "wewe dokta unatibu nini? Maana goti langu la kushoto linataka kuhama."

"Sitibu magoti, Agogo." Huku kwetu bibi ndiye Agogo. "Nafundisha walimu."

"Unawafundisha nini?"

"Kuangalia mioyo. Yao na ya watoto."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani mwalimu huangalia madaftari.

Lakini kazi aliifanya. Pale chuoni aliwakataza wanafunzi wake kugusa chaki kabla hawajaliambia darasa wameamkaje, na waseme kweli, siyo ile ya adabu. Alikwenda pia kwenye shule za huku, akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, anatazama tu. Alisema mwalimu akiingia na ugomvi wa nyumbani, darasa zima linaubeba mpaka kengele ya mchana, na siku hiyo hata mbili na mbili zinakataa kujumlika. Jirani yetu mwalimu Sakala, bingwa wa kuchapa meza kwa rula, siku moja alisimama mbele ya darasa la nne akasema, "Leo mke wangu amelazwa. Sina nguvu." Watoto wakanyamaza kuliko siku zote za rula, na mmoja akamletea maji. Sakala alitusimulia pale bombani macho yamemwiva. Mimi nilipoisimulia niliongeza kidogo tu, kwamba hata mbuzi wa shule walinyamaza.

Basi ndivyo alivyokuwa, anawafungua wenzake. Yeye mwenyewe jioni alirudi, akafunga mlango, akala ugali na kapenta, dagaa wa huku, peke yake. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga sahani. Kijiko, jamani! Hakuna mtu wa huku anayekula ugali kwa kijiko ila aliyekosa wa kunawa naye.

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi, akianika nguo. Nilikuwa kizingitini nachambua maharage. Alisikiliza, akauliza, "Lini?" Kisha akasema, "Nimesikia." Akairudisha simu mfukoni, akachukua shuka, akalikung'uta, akalianika, akalibana kwa vibanio. Akaingia ndani.

Punde simu yangu nayo ikalia. Alikuwa mdogo wake Chola wa kiume, kutoka Kasama; namba yangu ya mwenye nyumba alikuwa nayo. "Agogo, mama yetu ametutoka. Tunazika kesho." Nilijua Chola hawezi kuwahi, Kasama na huku ni mbali, labda apae kwa ungo. Kijana akauliza, "Kuna mtu yuko naye?"

"Tunamngoja alie," nikamjibu.

Maana hapa mtaani kwetu haingii mtu kwenye msiba usioliliwa. Mwenye msiba akipiga ukelele mmoja tu, imetosha: wanawake wanakuja na mikeka, wanaume wanawasha moto uani, unga unatoka kila nyumba. Asipolia, ukitandika mkeka mlangoni pake umemwitia kifo. Kwa hiyo habari ilizunguka mtaa mzima, na mtaa mzima ukakaa na mikeka yake imekunjwa. Mke wa Sakala, ambaye alikwishapona, kila saa alikuwa kwenye ua wangu ananong'ona.

"Bado?"

"Bado."

"Sasa anafanya nini?"

"Anapiga pasi."

"Pasi! Mama mzazi amelala mauti, yeye anapiga pasi?"

"Punguza sauti, mwanamke. Mdomo kama tarumbeta."

Jumapili walizika huko bila yeye. Jumatatu akaenda chuoni na zile nguo zilizonyooka. Sakala, aliyekwenda huko kwa mafunzo, alituambia kwamba Dokta aliwauliza walimu wote wameamkaje, na kijana mmoja akamrudishia, "Na wewe, Dokta?" Akajibu, "Vizuri, asante." Kisha akageukia ubao.

Mtu mmoja tu anaruhusiwa kuingia bila kilio, naye ni mtani. Chola ni Mbemba, mimi Mngoni, na makabila yetu hutaniana. Mchana ule aliporudi sikupiga hodi. Niliingia na sahani ya panya wa shambani waliokaangwa.

"Walaji tumbili nyie!" nikaanza. "Mama yenu amekufa, mnatuficha urithi? Nimefuata sufuria zake. Na vitenge. Na kama ameacha meno, nayachukua, yangu yameisha."

Alikuwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni. "Mimi sijambo, Agogo. Asante kwa kuja."

"Nani kakuuliza hujambo? Nimeuliza sufuria."

Basi nikajilaza sakafuni, nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho. "Mimi ndiye mama yako. Nimekufa na hamjanipikia. Wabemba wachoyo hata kwa maiti!"

Nikafungua jicho moja. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Toka," akasema. "Tafadhali, Agogo, toka."

Mtani hakasiriki. Ila goti nalo lilikataa. "Nivute basi. Umeona wapi maiti ikajiinua?"

Akaja akanishika mikono. Akavuta, nami mzito, tukavutana mpaka akajikuta ameketi sakafuni pembeni yangu. Akaitazama sahani.

"Hawa ni panya?"

"Watamu. Usiwatazame hivyo, wataona haya."

"Mama alisema nyie Wangoni mkikosa panya mnakula vivuli vyao."

"Mama yako mwongo, Mungu amlaze."

"Alisema pia…"

Kililia kitu ndani yake, lakini kidogo, kama mtungi unaovuja. Hata mke wa Sakala, aliyebandika sikio kwenye wigo, hakusikia.

"Paza sauti, mwanangu. Watu wanakungoja. Au nikulilie mimi? Sauti yangu iliwahi kuhamisha tembo wa mbuga ya Luangwa."

"Haitoki, Agogo. Ni hii tu."

Nimekaa kwenye maelfu ya misiba, na maelfu mengine niliyaongeza mwenyewe nikisimulia. Huu sina la kuuongezea. Mama wa watu amelala Kasama, na hapa tulikuwa wawili, sakafuni.

Jua lilipokuwa linazama, mke wa Sakala akaita kutoka nje, alikokaa na wanawake wenzake na mikeka yao, "Agogo! Tuje?"

Nilimtazama Chola. Alifuta uso kwa kiganja, akautazama mlango muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kukataa.

"Nendeni nyumbani," nikawaambia.

Tukasikia wanawake wakiinuka, wakisemezana kwa sauti ya chini, mmoja akikohoa, malango yakifungwa moja moja mpaka mwisho wa mtaa.