Kisutu Kwenye Maji ya Kunywa

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, maji ya falaji, ule mfereji wa mji, yalipoteremka mekundu mpaka msikitini, na watu wa Ibra wakadhani Kiama kimefika. Leo nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini siku ile ndoa ya dada yangu Zuwena ilikuwa karibu kuvunjika kabla haijafungwa. Umeniletea ujumbe wa sauti kwenye simu, unaniuliza kama siku ya hina yako tunaweza kuacha visutu, maana wakwe zako watu wa Nizwa, na unaogopa watatuonaje. Nimefurahi mno kusikia unaolewa, hata mchuzi wangu umeungua jikoni nikikusikiliza. Swali lako nitalijibu, ila niachie nipite njia ndefu. Sisi wazee njia ya mkato hatuijui.

Wewe umezaliwa hapa, na habari zetu umezisikia vipande vipande. Babu zetu walitoka Ibra hii hii ya Uarabuni wakenda Unguja, wakapanda mikarafuu, wakazaa, wakazikwa huko. Sisi tuliorudi miaka ya sabini tulikuja na Kiswahili chetu cha mjini, tumezoea kupika kwa nazi, na Kiarabu chetu kilikuwa cha chuo cha Kurani zaidi kuliko cha sokoni. Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu. Tulipofika hapa tukaitwa Wazinjibari. Unaonyeshwa nyumba aliyozaliwa babu yako, na jirani papo hapo anakuuliza utarudi lini kwenu!

Basi hatujamaliza mwaka, Zuwena akaposwa na Salim, kijana wa mjini, mtaratibu, ana kazi serikalini. Baba yake Salim alikubali upesi. Mama yake, Bi Nasra, ndiye aliyekuwa hajatulia moyo. Alisema wazi kwamba hana chuki na sisi, lakini mila za mji hatuzijui, na mtoto wake atakwenda kuoa mke wa kumfundisha kila kitu. Mwishowe alikubali, kukubali kwa mtu anayemeza dawa chungu. Zuwena naye alikuwa amempenda Salim, usiniulize alimwona wapi.

Wiki ya harusi shangazi yetu Asha akatufikia kutoka Mombasa na mzigo mzima wa visutu. Unakijua kisutu: kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile isiyo na maandishi, nguo ya bibi harusi tangu enzi za mabibi. Bibi harusi kwetu hatolewi bila kisutu, na wenziwe nao hujifunga sare. Tulipoufungua mzigo ule, nyumba nzima ilinukia kama duka la Unguja. Mama alilia, sisi wasichana tukaruka kama tumeokota dhahabu.

Sasa kanga mpya ina wanga, ngumu, haifungiki. Lazima uiroweke na kuifua. Kwetu Unguja ulikuwa na bomba au kisima, ukachota ndoo, ukafua uani kwako. Hapa kulikuwa na falaji, mfereji unaoyatoa maji chini ya milima ukayapitisha mjini mpaka kwenye mashamba ya mitende. Shangazi Asha akatafuta mahali pazuri. Akapaona pale juu kabisa, maji yanapotokeza nje, safi, hapana mtu wala mbuzi. Akashangaa watu wa Ibra wana mahali pazuri namna hii na hawapatumii. Tukajipanga ukingoni, shangazi, mama, mimi na binamu zangu, tukatumbukiza visutu vyote na kuanza kuimba nyimbo za harusi, huku tukipiga kibao cha kufulia badala ya ngoma. Mwanangu, nilikuwa na furaha siku ile ambayo siwezi kukueleza. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nilijiona niko kwetu.

Kisutu kinachuja. Rangi yake nyekundu hutoka kwa wingi mara ya kwanza, na sisi tulikuwa na visutu vya harusi nzima.

Huko chini adhuhuri ilikuwa imekaribia, na wanaume wanatawadha msikitini. Mzee mmoja akainua mkono wake kutoka majini akauona mwekundu. Wakadhani mtu ameuawa huko juu. Wakatoka mbio, wakaufuata wekundu kinyume cha maji, bustani kwa bustani, na walipofika wakatukuta sisi, mikono myekundu hadi viwikoni, tumefika kwenye kiitikio. Aliyetangulia mbele alikuwa baba yake Salim.

Akageuza uso wake upesi kwa heshima yetu, akakohoa, akasema kwa Kiarabu, taratibu: "Enyi jamaa, haya ni maji ya kunywa watu." Kisha akaondoka na wenzake. Ingekuwa afadhali atutukane.

Nyumbani kukawa kama matangani. Zuwena alijifungia chumbani, hali wala hasemi. Shangazi Asha, aliyekuwa na aibu kuliko wote, akaja na shauri lake. Visutu vifungwe sandukuni visionekane tena, nyimbo ziachwe, Kiswahili kisisikike nje ya mlango, na Zuwena avikwe nguo za hapa tangu kichwani mpaka miguuni, pengine Bi Nasra atasahau. Akamaliza kwa methali: "Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho." Mama akaitikia kwa kichwa. Nami nikaona maneno ya busara, nikaanza kukunja visutu.

Bibi yetu Sharifa alikuwa ameketi kwenye mkeka anachagua mchele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mchele wake hakuuacha.

"Wamesema ufumbe, Asha," akasema. "Hawakusema uling'oe."

Akaweka ungo chini, akatutazama mmoja mmoja, nami kisutu kikanitoka mkononi.

"Leo kuna mambo mawili, nanyi mmeyafunga kifurushi kimoja. Tumewachafulia watu maji yao, na hilo tunakwenda kuwaomba radhi sasa hivi. Tunavaa kisutu, na hilo hatuna radhi ya kumwomba mtu. Yatengeni."

Akajifunga kisutu kimoja, kingine akajitanda kichwani, bado vinatona maji, akatoka mlangoni. Mama na mimi tukamfuata. Alipita katikati ya mji na nguo ile nyekundu iliyowatia watu kiwewe mchana, na kila tulipopita milango ilifunguka kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Nasra alitupokea kama mila inavyotaka, tende, kahawa, na kimya. Bibi hakuzunguka. Akasema kwa Kiarabu chake cha Unguja kwamba tumekosa, kwamba hatukujua falaji ina utaratibu wake, na kwamba tumekuja kuomba radhi na kufundishwa. Bi Nasra akamtazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akaishika ncha ya kisutu, akauliza hii nguo ni ya nini hasa.

"Ya bibi harusi," Bibi akamjibu. "Bila hii, kwetu bado hajawa bibi harusi. Zuwena atakuja kwako nayo, au hatakuja."

Nilijua Zuwena yuko chumbani analia, na maisha yake yamo katika maneno yale.

Bi Nasra akainamisha uso. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka! Akacheka mpaka akashika ubavu, akatwambia mumewe alipouona mkono wake mwekundu alitoa shahada pale pale, na tangu arudi hajala kwa aibu ya kuwa alitangaza mauaji mji mzima. Bibi naye akaanza. Mama akafuata. Nilipowaona wote watatu wanafuta machozi, nikajua harusi ipo.

Asubuhi yake Bi Nasra mwenyewe alitupitisha kando ya falaji tangu juu. Hapa maji ya kunywa, hata kidole usitie. Kisha msikitini, kisha mahali pa kuogea, kisha pa kufulia, na yanayobaki ni ya mitende. Tulipofika pa kufulia akapandisha nguo yake, akakaa nasi, akataka tumwimbie ule wimbo uliokatizwa. Na siku ya hina alikuja amejifunga kisutu! Amekifunga ovyo, kinamporomoka kila akinyanyua mkono, lakini alicheza, na Zuwena alipomwona akamkimbilia. Vigelegele vilivyopigwa pale nina hakika vilisikika mpaka mji wa pili, Bidiya.

Basi jibu langu ni hili, mwanangu. Mgeni ajifunze mila za mwenyeji. Ukienda Nizwa uliza maji yao yanapita wapi, na ukikosea omba radhi upesi, usingoje kuambiwa. Lakini usiombe radhi kwa ulivyo. Mwenye kujificha hapendwi yeye, anapendwa yule aliyemwigiza, na ndoa ya namna hiyo ni kazi isiyo na likizo. Waonyeshe wakwe zako kisutu, waeleze, wacheke wakitaka kucheka. Huenda na wao wana nguo sandukuni wanaona haya kukuonyesha.

Mungu akupe mume wa kukusikiliza, mkwe wa kucheka naye, na watoto watakaonisalimu shikamoo bila kuambiwa. Hina yako nitakuja nayo mwenyewe, na nitakuletea kisutu cha Bibi Sharifa, kile kile alichovaa akapita nacho mjini. Usihofu nguo zako nyeupe, hakichuji tena. Rangi yake mitende ya Ibra ilikwisha kuinywa zamani.