Fisi Huyu Ametoka Wapi?

Sijamsamehe, na msinibembeleze. Naibu wa mwalimu mkuu wa shule yetu, hapa Kalama, alikula jasho langu mchana kweupe, kisha akataka nimpigie makofi.

Mimi ni mwalimu wa bodi, yaani wakati huo nilikuwa nikiandikwa kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Gredi ya tatu ni yangu. Watoto wale walikuwa wakimaliza kusoma hadithi, ukiwauliza ilihusu nini, kimya! Basi nikamwomba baba, mchongaji wa Wamunyu, anichongee wanyama kwa vipande vya mti vilivyobaki: fisi, sungura, kobe, na ng'ombe mmoja. Nikawaambia watoto kila hadithi tutaiuliza maswali manne. Ni nani? Yuko wapi? Amepatwa na shida gani? Imeishaje? Na darasani kwangu kuna sheria: mhusika hatembei mezani kabla ya kusalimiwa na kuulizwa ametoka wapi na ameletwa na nani. Asipojibu vizuri, watoto wanakataa kumsikiliza.

Naibu alikuwa akichungulia dirishani na kucheka. "Mwalimu, leo tena ni kalongolongo, michezo ya watoto?"

Siku moja akaja kuazima wale wanyama. Nikampa, mjinga mimi. Wiki hiyo tulikuwa na semina ya walimu mjini Machakos, na nikiwa nimeketi nyuma kabisa nikamwona akimpanga fisi wangu mezani, akieleza jinsi mbinu hiyo ilivyomjia akiwa kwake, ametulia, anatafakari. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Roho iliniuma hadi pilau ya semina ikanishinda.

Halafu bodi ikatangaza kwamba kati yetu walimu watatu wa mkataba, mmoja ataachishwa kazi. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kuwa naibu amelitoa jina langu, eti sina ubunifu. Na kabla ya kuamua, bodi ingekuja pamoja na afisa wa elimu kuona ile mbinu "yake" ikifanya kazi. Darasani kwangu! Nikaapa atakiona cha mtema kuni.

Sikupiga kelele. Nilipiga pasi gauni langu zuri, nikafagia darasa, nikambebea naibu hata boksi alimowatia wale wanyama. "Pole na kazi, mwalimu," nikamwambia, nikitabasamu hadi jino la mwisho. Watoto niliwaambia neno moja tu: "Wageni wakija, sheria ni zile zile."

Wageni walipoketi, naibu akamwinua fisi. "Hapo zamani..."

"Hujambo, fisi!" darasa likamkatiza. "Umetoka wapi?"

Akacheka. "Nimetoka Nairobi."

"Nani alikuleta?"

"Nilinunuliwa dukani, nikaletwa na mwalimu huyu mnayemwona."

Wuui! Msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama. "Mwalimu, huyo fisi anadanganya. Ametoka Wamunyu. Alichongwa na baba ya mwalimu wetu, na mwalimu wetu ndiye alimleta, kwa kiondo."

Naibu akajaribu kuendelea. "Haya, fisi alikuwa na njaa..." Watoto wakaziba masikio, wote. Mwenyekiti wa bodi akamuuliza kazi hii ni ya nani hasa. Mimi nikajitia hamnazo, nikawa nafuta ubao uliokuwa safi. Jasho lilimtoka mwanamume yule, nami nikalifurahia kila tone. Afisa akaniomba nimalizie somo. Nikalimalizia. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimetia sahihi mkataba mpya, wa mwaka mzima.

Siku hiyo niliyotia sahihi, saa kumi jioni, watoto wakiwa wameenda, naibu aliingia akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni. "Mwalimu, tuyamalize haya."

Nikamwambia anisimulie kama hadithi, aanze na ni nani. Akasimulia. Ni naibu wa mwalimu mkuu. Yuko shuleni. Alichukua kitu cha mwenzake, akakiita chake, kisha akataka mwenzake huyo afutwe. Sauti ilikuwa nyembamba, nikamwambia aongeze kidogo. Nilisikia raha, kwa nini nifiche? Hata asali ya Kitui haijawahi kuniingia hivyo.

Akamalizia: "Na mwishowe, yule mwalimu mwenye huruma akamsamehe."

"Hapana," nikasema. "Hapo ulipofika panatosha. Mwisho nitausema mimi, siku nitakayotaka."

Nikachukua kiondo changu, nikamwacha pale kwenye kiti kidogo, nikaenda nyumbani. Mwaka wa pili huu, bado anangoja.