Nilitafuta Asali ya Bei Rahisi, Lawama Ikamwangukia Baba Mdogo

Msomaji aliyetuletea haya ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha. Msomeni kwa huruma.

Bwana Mhariri wa gazeti, salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, sijaoa, kwetu ni huku uwanda wa Hanang, na kazi yangu ni kuswaga ng'ombe wa watu kwenda mnadani. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nawaomba msinicheke, maana aibu niliyo nayo inanitosha.

Huku kwetu najulikana kwa jambo moja tu, nalo ni bei. Kwa kuwa nazunguka na ng'ombe, napita maduka ya Katesh na Dongobesh mpaka Mbulu bomani, na hakuna mwenye duka anayeniweza. Huyu chumvi yake ni rahisi, lakini ukitazama kibaba chake kimebonyezwa kitako. Jirani yake yuko juu kidogo, ila anajaza mpaka inamwagika. Nikifika nyumbani napimia zote kwenye bakuli moja mbele ya akina mama. "Mmeona? Yule wa ghali ndiye rahisi!" Basi wote wakawa wananituma mimi, chumvi, majani ya chai, kaniki, na kichwa changu kikavimba.

Mwaka huu kaka yangu mkubwa alipata mchumba. Kwa kawaida yetu sisi wafugaji, wazee wa upande wa binti hawatamki baraka mpaka waonje pombe ya asali, tena ya asali tupu. Kwetu anayeitengeneza ni baba mdogo, ndiye aliyetulea baba yetu alipofariki. Hana ng'ombe wengi, hana maneno mengi, lakini watu hutoka mbali kuja kumwita kwa kazi hiyo, na heshima yake yote iko hapo. Kaka akanipa fedha, akasema, "Nenda wewe, ndiwe unayejua kununua. Lete madebe mawili."

Nikamkuta mnadani mzee mmoja anayeleta asali kutoka Yaeda Chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikaanza mambo yangu. Aliponitajia bei, nikamwambia bei hiyo akawauzie wageni. Hakukasirika. "Kijana, onja kwanza, ndipo tubishane." Jamani, nilikataa hata kuonja! Mimi niliyekuwa nawafundisha akina mama wasidanganywe na bei, siku hiyo nilitazama bei peke yake. Nikanunua debe moja tu kwa hasira, nikaenda zangu Katesh. Dukani nikaona sukari guru, bei yake haifiki hata nusu ya asali. Nikajiambia, tamu ni tamu, ikishachachuka nani atajua? Nikaiyeyusha kwa maji ya moto nilikolala, nikachanganya na ile asali mpaka yakawa madebe mawili. Sikumwambia mtu.

Nilirudi na chenji. Kaka akaishika juu watu waione, akanisifu mpaka nikaona haya ya uongo, na chenji hiyo akamnunulia mama mkwe wake blanketi. Baba mdogo akaanza kazi. Nilimwona anainusa, anaongeza mzizi wa kuichachusha, anaisogeza karibu na moto, anasema labda ni baridi ya mwaka huu. Nami nikamletea kuni.

Wageni wakaja. Mzee wa upande wa binti akapewa pombe kwenye pembe, akanywa funda moja. Kisha akaiweka chini. "Hii haitamkiwi baraka," akasema kwa upole. Kaka akaruka, "Mzee, asali yetu ni nzuri, imenunuliwa na mtu anayejua!" Yule mzee akamgeukia baba mdogo. "Basi ni mkono. Mkono wako umechoka, ndugu yangu. Tutarudi mkipata mtu mwingine wa kutengeneza." Wakainuka wakaenda.  Baba mdogo alikuwa anaitazama mikono yake, wasomaji, na mimi nimekaa pale pale.

Sasa kaka ametafuta mtengenezaji mwingine, na watu waliokuwa wamemwita baba mdogo wameanza kumkwepa. Nikisema ukweli, upande wa binti watajua tulitaka kuwabariki kwa sukari ya dukani, na sidhani kama watamtoa binti yao. Kaka hatanisamehe. Nisiposema, mzee wa watu anazeeka na aibu isiyo yake. Nimejaribu kumwambia yeye peke yake, nikashindwa, nikaishia kumsalimia na kuzungumza habari za mvua.

Juzi amekuja mwenyewe ninapofikia hapa Katesh, kwa miguu, amebeba mgongoni kile kibuyu kikubwa anachotengenezea pombe, alichoachiwa na baba yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakiweka juu ya kitanda changu taratibu. Akasema, "Mwanangu, mimi kazi hii basi. Wewe ndiwe unayejua bei. Nizungukie madukani na kibuyu hiki uone nani atatoa bei nzuri, mimi watanidanganya."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Ameondoka akiniamini, na kibuyu ninacho humu ndani. Wasomaji wenzangu, ninyi mnaoniona kwa mbali, nisaidieni: nikamwambie nini mzee huyu, na nianze na yeye au na kaka?