Uso wa Glenda Ukutani

Hawajafika hata nusu ya njia ya mawe inayopanda kilima, mvua ilikuwa imeshawalowesha, na karibu kila mtu alikuwa ameshamuuliza Glenda Maltby choo kiko wapi. Walikuwa wastaafu wa mji wa Grimsby, Uingereza, wamekuja mji jirani wa Lincoln kwa basi la kukodi kutembezwa mji wa kale. Glenda, mjane aliyejitolea kuongoza wageni tangu mumewe afariki, alitangulia na mwavuli wake, goti likimuuma.

"Nyumba hizi zilijengwa enzi za..."

"Enzi za ujana wako, dada!" akadakia Roy, mzee mnene aliyejipa kazi ya kuchekesha tangu washuke basini.

Wakacheka. Glenda akameza hasira, akaendelea kupanda.

Siku ile alikuwa na jambo lake. Mumewe, Clive, alikuwa mwashi wa kanisa kuu lililo kileleni, maisha yake yote akibadilisha mawe yaliyoliwa na upepo. Juu kabisa ya ukuta wa kusini wa kanisa hilo alichonga kichwa cha mwanamke, na mwanamke huyo ni Glenda. Hakuna kundi lililowahi kufika pale. Mara wageni wachoke, mara wazamie kwenye maduka ya keki, mara muda uishe. Leo, aliapa, watakiona kichwa hicho.

Kileleni nusu yao wakakimbilia chai. Papo hapo simu ikalia: dereva anataka kuondoka mapema, barabara zinajaa maji.

"Nivumilie kidogo tu, kaka," Glenda akamsihi, akawaswaga waliobaki kama kuku mpaka ukuta wa kusini. "Haya, tazameni juu. Pale, chini ya mfereji wa paa."

Roy akakinga macho. "Lo! Si mama mkwe wangu yule! Hata kidevu ni chake!"

Wakaangua kicheko.

"Ni mimi!" Glenda akafoka. "Ni mimi yule, na aliyenichonga nimeshamzika! Nimejikokota na mvua hii niwaonyeshe, ninyi mnanicheka!"

Roy akavua kofia, maji yakamtiririka kwenye upara. "Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu..."

"Ufunge, basi."

Pauline, mkewe Roy, akasogea, akakodoa macho juu, akamshika Glenda mkono. "Miwani nimeiacha basini, shoga yangu. Sioni kitu."

Honi ikalia kutoka chini. Wakaondoka haraka haraka, wengine wakiaga, wengine hata kuaga hawakuaga.

Glenda akabaki peke yake, shingo ameikunja nyuma. Hata yeye uso ule aliuona kwa taabu.

"Kwa nini juu namna hiyo, Clive?" akamgombeza. "Ungenichonga mlangoni ungepungukiwa nini?"

Kisha akampigia binti wa ofisi ya waongoza wageni. "Jumamosi mtafutieni wageni wenu mtu mwingine wa kuwaongoza."

"Kuna nini tena, mama?"

"Nimechoka nao," akasema, akakata simu.