Kiti Mbele ya Tabenakulo

Jumamosi ile baba yangu aligombana na wanawake wa dagaa, kama alivyogombana nao kila Jumamosi. Walikuwa wameanika hadi kwenye ngazi za kanisa la kigango, na yeye, katekista, alitaka Bwana abakiziwe angalau ngazi.

"Mwalimu, Petro naye alikuwa mvuvi," Mama Leokadia alimjibu bila kuinua kichwa.

"Petro aliziacha nyavu. Wewe umezileta kanisani."

Wakacheka wote. Dagaa wakabaki palepale.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, lakini nusu yetu tulikuwa Wafipa. Baba alitoka Msanzi, huko Ufipa, akiwa kijana, akavuka na magunia ya ulezi ya kuuza, akapenda samaki, hakurudi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu. Nilisoma falsafa, na nilikuwa katika umri ambao mtu ana maoni kuhusu kila kitu ila hajui kupasua kuni.

Vita tulikuwa tukivisikia redioni kama habari za watu wengine. Wiki ile vikashuka kwa miguu kutoka milimani: vijana wenye bunduki na ndala, na kamanda wao aliyevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Walichukua dawa za zahanati, kisha injini za mitumbwi. Hawakumpiga mtu. Tukaanza kuambiana kwamba si wabaya sana.

Wazee walimsalimu kamanda kama Wafipa wa rika lao wanavyomsalimu mkubwa: wakainama, wakapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nzito. Iwe ilikuwa heshima au woga, nadhani hata wao hawakujua. Kesho yake kamanda alipita tena mbele ya wazee walewale, bila shughuli yoyote, akasubiri. Wakampigia tena.

Kosa lilikuwa hapo, kama adabu inaweza kuitwa kosa.

Jumapili alikuja kusimama mlangoni mwa kanisa. Padre alitufikia mara chache, hivyo baba ndiye aliyeongoza ibada. Alipofungua tabenakulo, kisanduku cha Ekaristi, watu wote waliinama wakapiga makofi yaleyale.

"Huyo wa kwenye kasanduku ni nani?" kamanda aliuliza baada ya ibada.

"Ni Bwana wetu, Kamanda."

"Hapa bwana ni mmoja."

Akaagiza kwamba Jumapili inayofuata awekewe kiti mbele, na kanisa zima limpigie makofi humo humo ndani.

"Nje nitakupigia mpaka viganja viwashe," baba alisema. "Ndani kuna mwenye nyumba."

"Nje kwangu, ndani kwangu," alijibu kamanda, akaenda zake.

Jioni nilimletea baba ufumbuzi. Nilijivunia sana ufumbuzi ule. Tuweke kiti mbele kabisa ya tabenakulo, nikasema. Watu wapige makofi mara moja tu. Kamanda ataona ni yake, Mungu atajua ni yake. Nikaongeza habari za Kaisari na sarafu, nikataja Warumi sura ya kumi na tatu, juu ya kutii wenye mamlaka.

"Sawa, Profesa," baba alisema. Mama akashusha pumzi.

Jumapili kiti kiliwekwa. Kamanda akaketi, akatuangalia. Baba akapiga magoti, nasi tukapiga makofi. Kamanda alitabasamu. Niliona mabega ya mama yakilegea.

Kisha baba akasimama.

"Kamanda, samahani sana. Naomba usogee kidogo."

"Kwa nini?"

"Umemziba."

Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayemwomba jirani apishe kwenye benchi.

Huko nyuma mtu mmoja alicheka. Najua ni nani. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kisichozuilika, na sasa ni marehemu.

Kamanda akasogeza kiti.

Alikaa hadi mwisho wa ibada. Hata ishara ya msalaba alifanya.

Vijana wake walikuja mchana, wakati mama anasonga ugali. Walisema Mwalimu anaitwa kwa mazungumzo. Mama akamwambia avae viatu. Akasema hakuna haja, anarudi sasa hivi.

Hatukusikia mlio wowote wa bunduki. Kwa miaka mingi jambo hilo lilitupa matumaini. Siku hizi nakumbuka kwamba upepo wa ziwa ulikuwa mkali.

Tulivuka kwa mtumbwi ambao wavuvi walikuwa wameuficha matetini, tukashuka Kipili, upande wa Tanzania, tukapanda lori la chumvi hadi Namanyere, kisha Sumbawanga. Hapa ndipo mama amezeekea. Anapalilia mahindi yake na kulalamikia baridi, ambayo anaichukulia kama tusi.

Mwaka huu jumuiya yetu ilitaka kumfanyia baba misa kubwa. Paroko, kijana mwema aliyezaliwa baada ya mambo yale, alikuja nyumbani kutueleza.

"Shikamoo, bibi. Tunataka waumini wajue kwamba mzee alikuwa shahidi wa imani. Alimchagua Mungu mbele ya mtawala."

"Marahaba, baba Padre. Mimi sikuolewa na shahidi. Niliolewa na Gaspari."

Padre akanitazama mimi, msomi, nimsaidie. Nimeandika makala nyingi kuhusu mamlaka ya dunia na ya mbinguni, mbili kati ya hizo zimesomwa na watu nisiowafahamu. Nikajikuta nachunguza kikombe changu cha chai.

Mama alimwongezea Padre maziwa, taratibu, asimwage.

"Yule kamanda alikuwa na kiti kimoja tu," alisema. "Mungu ana mbingu nzima. Kwa nini Gaspari hakumwomba Mungu ndiye asogee?"