Alishika Irembo Kwetu Akidhani Ni Maigizo

Admin, jina langu lifiche. Na wale wa Kimisagara watakaonitambua kwa maneno yangu, tafadhali wanyamaze. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, fundi cherehani. Nimekulia Mwanza, tukarudi Rwanda nikiwa sekondari, na sasa naishi na wazazi wangu Kanombe. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea adabu mnisamehe.

Mwaka jana alikuja kwenye kibanda chetu cha kushonea pale Kimisagara, Kigali, kijana wa Thailand, mmoja wa wale watalii wanaozunguka dunia na begi mgongoni. Nimwite Niran, si jina lake. Mkanda wa begi ulikuwa umekatika, nikamshonea. Kesho yake karudi, eti kifungo cha shati kimetoka. Keshokutwa, zipu. Shoga yangu ninayeshona naye akacheka mpaka akaacha kazi: "Huyu Mchina wako siku moja atakuja uchi umshonee suruali nzima!" Nikamwambia si Mchina. Mnaona, nilikuwa nishaanza kumtetea.

Basi nikapenda, ningefanyaje? Alikuwa mpole, Kiingereza chake cha kuungaunga kama changu, tunaelewana hivyohivyo. Isombe yetu, yaani kisamvu, alikula na chupa yake ya pilipili pembeni. Aliposema ananipenda na anataka kuwaona wazazi wangu, nilimwambia wazi kwamba kwetu mwanaume haji nyumbani kusalimia tu. Anakuja kushika irembo, yaani lango, na watu wake na vinywaji, wazee wakubali kwamba binti sasa ana mwenyewe. Mahari na harusi vinafuata baadaye. Akasema, "Nitakuja." Sikulala kwa furaha.

Akaja kweli. Ukoo wake ulikuwa Mholanzi mmoja na Mbrazili mmoja aliokutana nao hosteli, wote wamevaa mishanana ya kukodi, zile nguo zetu za sherehe za kufunga begani, na msemaji wao ni motari anayeegesha pikipiki karibu na kibanda chetu. Baba mkubwa, kama desturi ilivyo, akajifanya hajui kitu: "Nyinyi mmepotea njia? Hapa hatuna binti." Motari akajibu, "Mzee, sisi iko na macho, ua tumeliona." Watu wakaangua kicheko. Kisha Niran akapiga magoti mbele ya baba, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa zulia. Kumbe kwao ndivyo mtoto anavyomheshimu mzazi. Mama alilia. Baba akasema, "Huyu kalelewa. Nimempa."

Baada ya hapo akaendelea na safari yake, Uganda kisha Zanzibar. Aliniambia akifika kwao ataongea na wazazi wake. Ujumbe ukaanza kupungua, nikajifariji kwamba ni mtandao.

Wiki iliyopita wakaja kibandani wasichana wawili wa Thailand na mabegi yao mgongoni. Wakauliza kama mimi ndiye ninayepanga ile sherehe ya uchumba, kwa sababu na wao wanataka kucheza, mmoja awe bwana harusi. Nilidhani sijasikia vizuri. Wakanipa simu. Nikamwona baba yangu kwenye video ya Niran, na mama anafuta machozi, muziki umewekwa juu yake. Maneno ya Kithai yaliyo chini simu ikayatafsiri: "Leo nimecheza bwana harusi kwenye sherehe ya asili. Wenyeji wakarimu mno! Mkifika Kigali mtafuteni fundi huyu, atawapangia na nyinyi."

Nilimpigia palepale. Akapokea kwa furaha, mjinga yule. Nilipomuuliza, akasema, "Lakini wewe ndiye uliyeniambia ni mchezo."

Ni kweli asubuhi ile ya kushika irembo alikuwa na hofu, nikamwambia asiogope, wazee watambishia, watamkataa, lakini huo ni mchezo tu, mwisho watakubali. Nilimaanisha utani wa wazee! Yeye akaelewa kwamba shughuli yote ni maigizo. Nikamuuliza, na kule kunipenda je? Akasema, "Nilikupenda kweli, nilipokuwa Kigali." Nilipokuwa Kigali! Kama mtu anayesifia hali ya hewa.

Nikamwambia, "Baba yangu anakusubiri." Akaomba radhi, tena kwa upole wake uleule, halafu akasema akipata nafasi anaweza kurudi siku moja, apige magoti tena mzee afurahi, kisha baadaye tuseme tumeachana. Nikamkatia simu. Nililia mpaka shoga yangu akafunga kibanda.

Sasa mimi nimebaki katikati. Baba ameshamkatalia kijana wa kanisani kwetu aliyetuma wazee, akawaambia irembo limeshikwa. Nikisema ukweli, baba, baba mkubwa na ukoo mzima watajua kwamba walichekesha watu wa mbali bila kujua, na ile video bado ipo, watu wanaiwekea vicheko. Nikinyamaza, mzee wangu ataendelea kungoja watu ambao hata hawajui kama yupo. Na linaloniuma zaidi, hata kuliandika naona haya: bado nampenda. Kila nikikumbuka alivyosema atarudi kuigiza, najikuta nawaza, si aje tu.

Leo baada ya chakula baba kaniita. "Mwanangu, wakwe zangu wakifika hapo mlangoni, 'karibuni' kwa Kithai nitasemaje? Sitaki kuwapokea kama bubu." Nikalitafuta neno kwenye simu, nikamfundisha. Sasa hivi ninapowaandikia yuko sebuleni peke yake anafanya mazoezi, analirudia, anakosea, anaanza upya.

Nishaurini ndugu zangu. Nikitoka hapa chumbani nikaingia pale sebuleni, nimwambie nini?